Minong'ono Isiyomfikia Kipaza

Jina la Kipaza alipewa na wanawake wa mashine ya chupa, siku zile alipokuwa bado mgeni kwenye kiwanja cha taka. Sauti yake ndiyo pekee iliyoweza kupanda juu ya ngurumo na kumfikia dereva wa tingatinga aliyekuwa akisukuma taka upande wa pili. Akisema "Simama!" tingatinga linasimama. Jina likamganda kama gundi, hata mumewe, ambaye hakuwahi kukanyaga kiwanjani pale, akawa anamwita hivyo akitaka kumchokoza.

Malori yalileta taka za mji mzima yakazimwaga kwenye sakafu ya saruji. Kuna waliochambua plastiki, kuna waliochambua makaratasi, na kuna Kipaza na wenzake walioshika chupa. Walizitoa kwenye viroba, wakazitenga kwa rangi, kisha wakazitupa kwenye koo la mashine iliyozivunja na kuzisaga mpaka zikawa kama changarawe. Mashine ilikaa chini ya paa la bati, ndani ya kuta za bati, kwa hiyo kila chupa ilipasuka mara mbili: ndani ya mashine, halafu tena juu, batini, kichwani mwa mtu. Mgeni akisimama pale huziba masikio kwa viganja. Wenyeji walikuwa wakisimama pale pale wakipiga soga na kucheka kana kwamba wako sebuleni.

Maana walizungumza, na sana. Walizungumza kwa midomo iliyofunguliwa wazi, kwa nyusi na mabega. Shangazi, mkubwa wao kwa umri, ambaye hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, aliweza kusimulia ugomvi mzima wa wifi zake bila kutoa sauti hata chembe, na wenzake wakavunjika mbavu. Kipaza hakukosa neno. Hakuwahi kujiuliza kama maneno yale yalimwingilia sikioni au machoni. Alijua tu kwamba kazini anaelewana na kila mtu.

Matatizo yalikuwa nyumbani.

Mumewe alikuwa kinyozi, mwembamba, mwenye masharubu mazito yaliyomfunika mdomo wote wa juu na kuushukia wa chini, tena alijivunia masharubu hayo kama wengine wanavyojivunia magari. Alimwoa Kipaza kwa maneno. Sura hakuwa nayo ya kuvutia sana. Lakini alipokuwa akimnyoa kaka yake Kipaza, alisimulia mambo kwa sauti ya chini, ya taratibu, yenye kicheko kilichojificha ndani yake, na msichana akawa anamsindikiza kaka kwa kinyozi hata kichwa cha kaka kikiwa hakina cha kunyolewa. Walipooana, kinyozi alirudi kila jioni na habari za kutwa nzima ya kiti chake: nani kagombana na mkwewe, nani kataka kupaka nywele rangi akatoka kama jogoo. Wakikaa kizingitini, yeye anasimulia, mkewe anacheka mpaka anamsihi anyamaze apumue.

Sasa watoto walikuwa wamekua wakaondoka. Kijana alikuwa akifanya kazi mbali, binti alikuwa ameolewa mbali zaidi. Wamebaki wawili, na ndipo Kipaza alipoanza kuona kwamba mumewe amebadilika. Kaanza kumeza maneno. Anaongea kama mtu aliyejaza uji mdomoni.

"Unaongea na mimi au na masharubu yako?" Kipaza alikuwa akimuuliza.

Kinyozi anarudia mara moja. Akiombwa arudie tena, anapunga mkono. "Basi, si kitu."

Kipaza alilichukia neno hilo kuliko tusi. Si kitu! Mtu kacheka peke yake, kafungua mdomo, kasema jambo refu lenye kichwa na miguu, halafu ukiuliza ni nini, si kitu. Kwa hiyo akaacha kuuliza. Akajifunza kutingisha kichwa. Mumewe akisema jambo, yeye anasema "ehee," au "sawa," au "weka hapo," kutegemea mwenzake kashika nini mkononi, na mara nyingi alipatia.

Simu nayo ikawa adui. Binti alipokuwa akipiga, sauti yake ilimfikia Kipaza kama kuku anayeparura kwenye boksi. Akaacha kuipokea, akawa anampa mumewe. Kinyozi anaikumbatia simu sikioni, anatembea nayo uani, anacheka, anauliza, anashangaa, anakaa, anasimama. Akimaliza, mkewe anamuuliza: "Amesemaje?"

"Anakusalimu."

Mazungumzo marefu kiasi cha kuivisha maharage, yeye anapewa salamu tu! Roho ilimuuma. Mtoto kambeba yeye, kamnyonyesha yeye, leo baba ndiye anayechekeshwa.

Halafu akaja mshonaji.

Alikuwa mjane, umri wao tu, aliyepanga chumba cha ubavuni mwao. Ukuta uliowatenga ulikuwa mwembamba. Cherehani yake aliiweka dirishani apate mwanga, na ana meno madogo yaliyopangika vizuri, na akicheka anatupa kichwa nyuma mpaka shingo yote inaonekana. Kipaza aliiona shingo hiyo siku ya kwanza tu na hakuipenda.

Kinyozi alianza kwa kupeleka suruali ikatwe upindo. Suruali ikaisha, yakaja mashati. Mashati yakaisha, zikaja sababu zisizo na nguo. Jioni Kipaza akitoka kazini, vumbi la chupa likimmetameta mikononi, anamwona kutoka langoni: mumewe kaegemea nondo za dirisha la mshonaji, anasimulia. Kilichomchoma hakikuwa kicheko cha yule mwanamke. Ilikuwa mikono ya mumewe. Mikono ile ilipanda, ikashuka, ikachora mtu mnene, ikachora mtu anayekimbia. Ni mikono aliyokuwa akisimuliwa nayo yeye kizingitini. Hajaiona miaka. Kumbe haikufa, ilihama nyumba.

Na akiwakaribia, mikono inaanguka.

"Umerudi, mama watoto?"

Hilo analielewa bila kulisikia. Anaitikia, anaingia ndani, anavua viatu kwa hasira. Kisha anakaa na mgongo ukutani, sikio limegandishwa kwenye plasta, anapekua kimya cha upande wa pili. Hasikii kitu ila nyenje. Tangu zamani kulikuwa na nyenje mmoja ndani ya kichwa chake, anayelia mfululizo bila kuvuta pumzi. Alidhani kila mtu anaye wake.

"Wananong'ona," alijiambia. "Watu wenye mambo safi hawanong'oni."

Wivu ukamwingia. Akawa ananusa mashati ya mumewe kabla ya kuyafua. Akawa anapita dirishani kwa mshonaji kwa hatua za paka, na kwa kuwa hakujua tena viatu vyake vinatoa mlio gani, mshonaji kila mara aliinua kichwa mapema na kumsalimia kwa tabasamu. Hilo nalo likawa ushahidi. Kwa nini anamtarajia? Ana nini cha kuogopa?

Siku moja, akitafuta kiberiti kwenye mfuko wa koti la kinyozi, akatoa kipande cha kitambaa. Kitambaa laini cheupe, chenye vifaranga vya njano. Akakishika muda mrefu. Akakirudisha kama alivyokikuta. Kesho yake mfukoni hakikuwemo.

Jumamosi akapata kisingizio. Alikuwa ameazima ndoo kwa mshonaji, akairudisha mwenyewe. Mlango ulikuwa wazi. Mshonaji alikuwa cherehanini, ameng'ata pini mdomoni kama kawaida ya mafundi nguo, na chini ya sindano palikuwa na kijishati kinachoweza kumtosha paka. Cheupe. Vifaranga vya njano.

Mshonaji akamwona akikitazama. Uso ukamng'aa. Akasema jambo, refu, pini zikimchezacheza midomoni, na hakuna neno hata moja lililotoka likiwa na umbo. Akainua kijishati kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akajipapasa tumbo, akiuzungusha mkono mbele ya kiuno kama mtu anayeonyesha jinsi linavyokua.

Kipaza akafanya alichozoea. Akatingisha kichwa, akasema, "Sawa," akaweka ndoo chini, akaondoka. 

Kwa hiyo ni hivyo. Mshonaji ana mimba, tena ya mume wa Kipaza, na anamwonyesha waziwazi, na anatabasamu.

Jumatatu hakuna aliyemkaribia kiwanjani. Alizirusha chupa kwenye koo la mashine moja moja, kwa nguvu, kama kila moja ina shingo anayoijua. Shangazi akampungia mkono, akamuuliza kwa midomo: Nani kafa? Kipaza akamjibu kwa midomo: Bado. Halafu akavua glavu, akazitupa juu ya kiroba, akatoka kabla ya saa ya kutoka, msimamizi akimpigia kelele nyuma ambazo hakuzipata hata kidogo.

Aliwakuta pale pale. Kinyozi safari hii alikuwa ndani, amesimama kati ya cherehani na dirisha, kashika kile kitambaa kwa ncha za vidole, anakipeleka kwenye mwanga.

"Mimba ya nani hiyo?" Kipaza akasema.

Yeye alidhani kasema kwa sauti ya kawaida. Ua mzima ukageuka. Muuza mkaa akaacha kupima. Wanawake waliokuwa kwenye bomba wakaacha maji yamwagike.

"Nauliza, mimba ya nani? Nimekufulia miaka yote hii, nimekupikia, halafu unakwenda kuzaa ukutani kwangu? Hata hukuona haja ya kuvuka mtaa!"

Mshonaji alisimama, pini zikamdondoka mdomoni. Kinyozi akafungua mikono. Akaanza kusema, lakini nyuma yake lilikuwa dirisha na uso wake wote ulikuwa giza, na ndani ya giza hilo masharubu yalicheza juu na chini bila maana. Mshonaji naye akasema. Mtu wa mlangoni akasema. Wote kwa pamoja. Kwa Kipaza ilikuwa kama kutazama samaki kwenye chupa.

"Msininong'oneze!" akapiga ukelele. "Semeni!"

Ndipo mshonaji alipofanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumfanyia nje ya kiwanja. Alimshika mabega, akamgeuza kuelekea kwenye mwanga, akasimama mbele yake karibu, na kusema polepole, akiufungua mdomo kwa kila silabi: "Bin-ti-yo. Bin-ti-yo a-na mim-ba."

Kipaza akayaona maneno yote, safi, kama yameandikwa.

"Binti yangu?"

Mshonaji akaitikia kwa kichwa. Akaokota kijishati, akakiweka mkononi mwake. "Cha mjukuu wako. Nilikwambia Jumamosi. Ukaniambia sawa."

Kipaza akamgeukia mumewe. "Wewe ulijua?"

Kinyozi alitoka dirishani. Sasa uso wake ulionekana, na haukuwa uso wa mtu aliyefumaniwa. Ulikuwa wa mtu aliyekosewa kwa muda mrefu. Akaongea kwa nguvu, neno moja moja, na mshonaji akawa anayarudia yaliyomezwa na masharubu.

"Nilikuwa wa kwanza kukwambia. Ulikuwa unaosha miguu pale kizingitini. Nimetoka kuongea naye kwenye simu, nimeshika mfuko wa vitunguu, natetemeka kwa furaha. Nikakwambia, mama watoto, tunapata mjukuu. Unajua ulinijibu nini?"

"Nini?"

"'Weka hapo mlangoni.'"

Muuza mkaa akacheka. Mtu akampiga kiwiko, akanyamaza.

"Nikadhani umekasirika naye," kinyozi akaendelea. "Mnajua wenyewe mlivyoagana siku ya harusi, na maneno yale kuhusu kuolewa mbali. Nikarudia kesho yake, ukanitingishia kichwa tu ukaendelea kukoroga sufuria. Mtoto akauliza, mama kasemaje? Ningemwambia nini? Nikamwambia mama kasikia, hakusema kitu. Akalia, mama watoto. Nikampa namba ya huyu jirani, kitambaa nikanunua mimi, na tangu hapo akawa anampigia, amshonee nguo za mtoto, amweleze kichefuchefu kinaisha lini. Mambo ambayo mtu humuuliza mama yake."

Mtu angedhani Kipaza angeshusha pumzi. Mume hana hawara, binti ana heri, mjukuu yuko njiani. Lakini alipokuwa amesimama pale na kijishati mkononi, alihisi wivu mkubwa kuliko ule aliokuja nao. Angekuwa hawara, Kipaza angejua la kumfanya: angemvuta nywele, angerudi kwao, angelia yakaisha. Huyu mwanamke hakuiba mume. Alisikia tu. Alikaa pale na masikio yake mazima, na mambo yote yaliyokuwa ya Kipaza yakamwendea yenyewe: soga za kinyozi, kichefuchefu cha binti, habari ya mjukuu wa kwanza. Na aliwatazama wale wa mlangoni mmoja mmoja, akaona nyusoni mwao kwamba hata muuza mkaa alikuwa anajua.

Akaingia kwake, akafunga mlango.

Kinyozi alimfuata baadaye, akakaa mbele yake kwenye kigoda. "Kwa nini ulimwambia yeye yote?" Kipaza akamuuliza. "Kwa nini hukunishika, ukanilazimisha nisikie?"

Alimjibu kwa aibu, akirudia mara tatu nne mpaka mkewe akaelewa. "Kuna mambo hayapigiwi kelele. Nikitaka kukwambia jambo la ndani, lazima nilitangazie ua mzima. Na wewe ukinijibu, wanasikia mpaka barabarani. Nikachoka. Nikawa nasema si kitu."

Kesho yake, mashine ilipozimwa wakati wa chakula, Kipaza alimsimulia Shangazi yote. Alitarajia pole. Shangazi akamtazama kwa mshangao.

"Nani kakudanganya kwamba unasikia?"

"Mbona nakusikia wewe?"

"Hebu geuka."

Kipaza akageuka, akatazama ukuta wa bati. Akangoja. Hakuna kilichotokea. Alipogeuka tena, wenzake walikuwa wameshika mbavu kwa kicheko, na Shangazi alikuwa ametoka jasho. "Nimekutukana wewe na ukoo wako wote," akamwambia. "Nimekuita mbuzi."

Wakataka kujaribiwa wote. Mmoja mmoja akageukia ukuta, wengine nyuma wakamwita, wakagonga chupa kwa kijiko, wakaimba. Ilikuwa mchezo. Lakini aligeuka wa kwanza ukutani akabaki huko, na wa pili akabaki huko, na Shangazi mwenyewe alipogeuka na kuitwa kwa sauti zote akaendelea kuchokonoa rangi ya bati kwa kucha, kicheko kikafa. Ni yule msichana aliyeanza kazi msimu ule tu aliyeshtuka alipoitwa. Waliyatazama masikio yake kama watu wanavyotazama pete mpya ya mtu.

Kipaza ndiye aliyewapeleka hospitali, maana ndiye aliyekuwa na hasira zaidi. Mpimaji wa masikio alikuwa mwanamke mpole mwenye chumba kidogo kilichozibwa kwa magodoro. Akamvisha spika za masikioni, akampa kitufe, akamwambia abonyeze kila asikiapo mlio. Kipaza akabonyeza vizuri sana, mpaka mpimaji alipogundua kwamba anatazama mkono wake kwenye mashine. Akakigeuza kiti. Sasa Kipaza akakaa akitazama godoro, kidole kikiwa tayari, na nyenje wake akilia, na hakuna mwingine aliyekuja kwa muda mrefu.

Mpimaji akaja kukaa mbele yake. "Hakuna uchafu masikioni, mama. Wala si uzee. Ni kelele za kazini. Zimeua vijinyweleo vya ndani vinavyopokea sauti. Sauti nyembamba ndizo huanza kwenda: minong'ono, watoto, simu."

"Vitaota tena?"

"Havioti. Tunachoweza ni kuvilinda vilivyobaki. Na nitakuandikia upate kifaa cha kukusaidia."

Kipaza alitaka kumchukia hata huyu, kwa jinsi alivyosikia mlango ukigongwa na kuitikia "ingia" bila kuinua uso kwenye karatasi. Wivu wa namna hiyo hakuwahi kuujua: kumwonea mtu gere kwa sababu kaitikia hodi.

Kiwanjani wanawake waligoma, wakakaa juu ya makreti, mashine imezimwa, chupa zikapanda kama kilima. Msimamizi akaja na furushi la pamba. "Zibeni na hizi, kazi iendelee."

"Pamba katie kwenye mto wako," Kipaza akamwambia, na safari hii alijua kabisa sauti yake ina ukubwa gani.

Mabishano yalikuwa marefu, wakatishiwa kufukuzwa, wengine wakataka kulegea. Malori yaliyokosa pa kumwaga ndiyo yaliyomshinda msimamizi. Vikaja vikinga masikio vigumu vinavyofunika sikio zima, na mashine ikazungushiwa mapazia mazito ya mpira. Yule msichana mgeni alikuwa wa kwanza kuvishwa. Kipaza alimvisha mwenyewe, kwa ukali, kama mama anayemfunga mtoto kofia. "Wewe masikio bado unayo," alimwambia. "Ole wako uyapoteze."

Na nyumbani? Siku yake ya mapumziko Kipaza alikwenda kwenye kibanda cha mumewe, akawapita wateja waliokuwa benchini, akamwambia kinyozi akae kwenye kiti chake mwenyewe.

"Kuna nini?"

"Sikuoni ukisema. Keti."

Alielewa. Akashika masharubu yake kwa vidole viwili, akawatazama wateja kama anayeomba mtu amtetee. Hakuna aliyethubutu. Akaketi. Kipaza akamfunga shuka shingoni, akampaka povu, akanyoa. Hakuwa fundi, akamkata kidogo upande wa kushoto. Povu lilipofutwa, ulitokea mdomo ambao hakuwahi kuuona tangu amjue: mwembamba, wa kijana, umepauka kama kitu kilichofichwa kisipate jua.

"Pole, mke wangu," mdomo ukasema.

"Sema tena."

"Pole."

"Nimekuelewa mara ya kwanza. Sema tu."

Lakini usidhani wivu uliondoka na masharubu. Siku chache baadaye alimwendea mshonaji, akasimama mlangoni, akamuuliza bila kuzunguka: "Ulikuwa unamtaka mume wangu?"

Mshonaji alitoa pini mdomoni kwanza, akaziweka kwenye kisahani. "Sikumtaka. Lakini maneno yake nilikuwa nayangoja kila jioni, sitakuficha. Humu ndani ni mimi na cherehani tu."

"Mimi niliolewa kwa ajili ya maneno hayo hayo."

"Basi lete kiti."

Kipaza alileta kiti. Alikiweka katikati, kati ya dirisha na cherehani, mahali ambapo kinyozi hawezi kumtazama mshonaji bila kumpita yeye. Wakawa wanakaa hivyo jioni, watatu, na kinyozi akisahau na kuinamisha uso, mkewe anampiga goti. Vichekesho vingine vilimfikia vimechelewa, akacheka wenzake wakiwa wamemaliza. Hilo lilimuuma kila mara.

Kujifungua kwa binti kulipokaribia, Kipaza alifunga safari na mzigo wa vijishati. Binti alimpokea kwa woga, tumbo mbele, akasema jambo huku akitazama chini. Kipaza akamwinua kidevu. "Niambie nikikuona."

"Nilidhani hukufurahi, mama."

"Nilifurahi. Nilifurahi kwa kuchelewa tu, na ua mzima uliniona." Akamweleza yote, mpaka habari ya hawara aliyevaa pini mdomoni, na binti akacheka huku machozi yakimtoka, akijishika tumbo asije akajifungulia pale.

Mtoto akazaliwa, wa kike. Kifaa cha masikio kilikuwa kimefika, lakini kilipenda zaidi vyombo kuliko watu: kijiko kikianguka kinamchoma ubongo, mtoto akilia chumba cha pili ni kimya. Na pale nyumbani alikuwepo bibi mwingine, mama wa mume wa binti, mwanamke mwepesi mwenye masikio ya sungura. Mchana mmoja Kipaza alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga, mjukuu amelala ndani, hatua chache tu nyuma ya mgongo wake. Akamwona mkwewe akiinuka ghafla kutoka mwisho wa ua, anakuja mbio, anampita, anaingia. Akatoka na mtoto aliyefura uso kwa kilio.

"Hukumsikia, mkwe?" akauliza, na kulikuwa na ushindi mdogo kwenye midomo yake. Kipaza aliuona. Alikuwa mzoefu wa midomo.

Shingo yake ilianza kutingisha kichwa yenyewe, kwa mazoea. Akaizuia.

"Sikumsikia," akasema. "Masikio yangu yaliondoka na chupa. Siwezi kumsikia akiwa mbali. Kwa hiyo hatakuwa mbali."

Akafuta mikono kwenye kanga, akanyoosha mikono yote miwili. Mkwe akasita, akamtazama mtoto, akamtazama mwenzake, naye wivu ukamwonekana usoni waziwazi. Halafu akamwachia, shingo upande. Kipaza akamlaza mjukuu kifuani, na kilio kikamwingia kwenye mbavu, kikali, chenye kudai, akaanza kumpigapiga mgongo mpaka alipohisi kinapungua.

"Leo huyu analala na mimi," akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa jirani, akaingia naye ndani.